Kijiko kinachogonga kikombe: ushauri kwa anayejiandaa kufungiwa kwenye makazi ya majaribio ya Mirihi

Wengi wanaoomba nafasi ya kukaa kwenye makazi ya majaribio, yaani nyumba za hapa Duniani zinazoiga maisha ya Mirihi, hujiandaa kwa ajali. Wanajifunza kuzima moto, kufunga jeraha, kufungua pampu na kuirudisha. Ni sawa, hayo yote yatahitajika. Lakini kinachomaliza watu humo ndani mara nyingi ni kitu kidogo kinachojirudia: kijiko kinachogonga kikombe kila asubuhi, mlango unaofungwa kwa kishindo, swali lilelile linaloulizwa kwa siku 40 mfululizo. Ajali ina mwongozo wake ukutani. Kijiko hakina.

Kwa hiyo makala haya yamelalia zaidi upande huo.

Jua unaingia wapi

Vituo hivi havifanani, na kila kimoja kinatafuta jibu la swali lake. Mars-500, jaribio la kuiga safari ya Mirihi, ilifanyika Moscow kuanzia tarehe 3 Juni 2010 hadi 4 Novemba 2011: wanaume 6, siku 520, yaani 250 za kwenda, 30 za kukaa na 240 za kurudi, zote ndani ya jengo moja. HERA, iliyoko Johnson Space Center, kituo cha shirika la anga la Marekani (NASA) mjini Houston, hufungia watu 4 kwa siku 45 na kudhibiti karibu kila kitu, hadi saa za kulala. CHAPEA iko kwenye kituo hichohicho. Ni nyumba ya takriban mita 158 za mraba iliyojengwa kwa mtambo wa kuchapisha wa 3D, na kikosi chake cha kwanza cha watu 4 kilitoka tarehe 6 Julai 2024 baada ya siku 378. HI-SEAS ni kuba lililojengwa kwenye mteremko wa volkano ya Mauna Loa huko Hawaii, kwenye kimo cha mita 2,500 hivi. Concordia, kituo cha Italia na Ufaransa barani Antaktika, kiko mita 3,233 juu ya usawa wa bahari. Baada ya ndege ya mwisho ya Februari, hakuna anayeingia wala kutoka hadi Novemba.

Tofauti ya msingi ni mlango. Concordia mlango upo, lakini baridi ya nje huweza kushuka chini ya nyuzi 80 za selsiasi chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna anayewaza kuondoka. Houston hali ni kinyume: nyuma ya ukuta kuna maegesho ya magari. Una haki ya kutoka siku yoyote bila kueleza sababu, na fomu ya ridhaa lazima iseme hivyo waziwazi. Watu hudhani mlango unaofunguka unapunguza ugumu. Unauongeza, kwa sababu kila asubuhi unaamua upya kubaki. Jiandae kwa uamuzi huo. Andika kwenye karatasi, kabla hujaingia, sababu tatu za kubaki ambazo hazitegemei furaha yako ya siku ile, kisha ubandike karatasi pale unapopiga mswaki.

Kabla ya kusaini, uliza mambo haya: nani mwingine ataona shajara zangu na video? Damu, mate na mkojo vitachukuliwa mara ngapi kwa wiki? Nikitoka mapema, wenzangu wataendelea au mradi utasimama? Daktari yuko umbali wa dakika ngapi? Mwaka 2018 kikosi kimoja cha HI-SEAS kilivunjika baada ya siku 4 tu, mmoja wao alipopigwa na umeme na kupelekwa hospitalini. Jambo kama hilo halikuwa Mirihi ya kuigiza hata kidogo.

Vigezo ni vikali kuliko watu wanavyodhani. CHAPEA ilitaka watu wa miaka 30 hadi 55, wasiovuta sigara, raia au wakazi wa kudumu wa Marekani, wenye shahada ya uzamili ya sayansi, hisabati au uhandisi au uzoefu wa kurusha ndege. Mzio wa chakula unakuondoa, kwa kuwa jikoni hakuna mbadala.

Kuongea na watu wanaojibu baada ya dakika 40

Hapa ndipo tungependa utumie muda mwingi zaidi wa mazoezi, na ndipo wengi hawafanyi mazoezi yoyote.

Mirihi ikiwa karibu sana na Dunia, mawimbi ya redio huchukua dakika 3 hivi kufika. Ikiwa mbali kabisa, dakika 22. Makazi ya majaribio huiga hilo kwa programu inayoshikilia kila ujumbe. Chukua dakika 20 za kwenda na 20 za kurudi, ongeza dakika 10 za mtu wa upande wa pili kusoma na kufikiri: siku ya kazi ya saa 8 inakupa mazungumzo 9 tu. Ukipoteza moja kwa kuuliza swali lisiloeleweka, umepoteza karibu saa nzima. Mazungumzo ya simu hayapo tena. Unachobaki nacho ni barua.

Barua nzuri ina umbo hili:

"Na. 14, saa 08:10. SWALI: tubadilishe chujio la pampu B leo? Presha imeshuka kutoka baa 3.1 hadi 2.4 tangu jana usiku. Tumekagua maungio yote, hakuna panapovuja. Tusiposikia neno hadi 09:30, tutazima B na kutumia A."

Angalia kilichomo. Namba, ili jibu lisipachikwe kwenye swali jingine, kwa sababu majibu hufika yakiwa yamepishana. Swali mwanzoni, si mwishoni. Vipimo viwili, cha zamani na cha sasa. Mlichokwisha kukagua, ili msiambiwe mkakague tena. Kisha mstari wa mwisho, ambao ndio wenye thamani kuliko yote: mtafanya nini kama hakuna jibu. Mstari huo unawaachia nyinyi uamuzi bila kuwaficha kitu walio nje. Kikosi kisichouandika hujikuta kimekaa kikisubiri ruhusa ya kugeuza bomba.

Jambo la pili ni hasira. Kikosi kikichoka, kwa kawaida hakigombani chenyewe kwa chenyewe kwanza. Kinaanza kuwachukia walio nje. "Hawaelewi." "Wametuma ratiba nyingine tena." Ni njia rahisi ya kulinda amani ya ndani, na kwa wiki mbili tatu inafanya kazi kweli. Hasara yake ni kwamba mnaanza kuficha taarifa, na siku mtakayohitaji msaada mtauomba mkiwa mmechelewa. Dawa ni ya kiutaratibu tu: mtu mmoja kwa zamu ndiye anayetuma ujumbe rasmi. Ujumbe wowote ulioandikwa kwa hasira ulale saa moja kabla ya kwenda, na mtu mwingine ausome kwa sauti. Ukisomwa kwa sauti, kejeli husikika hata kwa aliyeiandika.

Jizoezeni pia ukimya kamili. Kila baada ya miezi 26 hivi Jua hukaa kati ya Dunia na Mirihi, na mawasiliano na vyombo vilivyoko huko husimama kwa takriban wiki mbili. Kwenye mafunzo, siku 2 au 3 bila ujumbe wowote zinatosha kuonyesha ni nani kwenye kikosi hajiamini bila kuambiwa.

Hewa, hasa ya mahali unapolala

Mtu mzima hutoa karibu kilo moja ya hewa ya ukaa kwa siku, ambayo ni lita 20 hivi kwa saa. Watu 4 ndani ya nafasi ya mita 150 za ujazo iliyofungwa kabisa huongeza kama 0.05% kila saa, wakati hewa ya kawaida ya nje ina 0.04% tu. Hilo mitambo inalimudu. Tatizo hujificha kwenye kijichumba cha kulala. Ukilala kwenye chumba cha mita 6 za ujazo kisichopitisha hewa, baada ya saa mbili hivi unafika 0.5%, ambacho ni kikomo cha zamu ya saa 8 kwenye sehemu nyingi za kazi.

Na hivi ndivyo inavyotokea: feni ya chumba inapiga kelele, mlalaji anachoka, anaziba tundu kwa fulana. Asubuhi anaamka na kichwa kinachouma na usingizi usiomtosha, anasema ni msongo. Kabla ya kumsikiliza mtu habari za msongo, nenda kaangalie tundu la hewa. Kelele itibiwe kwa vizibo vya masikio, si kwa fulana. Beba jozi 20 za sponji na jozi moja ya silikoni, kwa kuwa za sponji huchafuka na kukakamaa.

Jikoni kukiwa na gesi, kengele ya kaboni monoksidi ni lazima, na betri yake ijaribiwe siku moja maalumu kila wiki.

Usingizi

Kwenye Mars-500 watafiti waliona wanakikosi wakizidi kukaa na kulala kadiri siku zilivyosonga. Wengi wao usingizi uliharibika kwa namna moja au nyingine, na mmoja mwili wake ulianza kufuata siku ya karibu saa 25, hadi akawa macho wakati wenzake wamelala. Siku ya Mirihi yenyewe ni saa 24 na dakika 39, lakini hapa hakuna aliyepanga. Sababu ni mwanga hafifu na usiobadilika.

Shikilia saa ya kuamka, si ya kulala. Saa ya kulala itajirekebisha yenyewe. Washa taa kali nyeupe dakika 30 za kwanza, kula kifungua kinywa chini yake, na kuanzia saa mbili kabla ya kulala tumia taa za manjano zilizofifia. Usilale mchana zaidi ya dakika 20. Kama kituo kinakupa jaribio la wepesi wa kubofya, lile la dakika 10 ambapo unasubiri namba itokee kwenye skrini, lifanye saa ileile kila siku. Linachosha kweli. Lakini litakuonyesha umechoka kabla wewe mwenyewe hujajua.

Mazoezi hayana siri. Wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hufanya saa 2 hadi 2.5 kwa siku kwa sababu hawana uzito. Wewe unao, hivyo dakika 45 hadi 60 zinatosha. Adui wako ni kiti.

Chakula kinachoisha kwa mpangilio mbaya

Chakula chenyewe huwa hakiishi. Kinachoisha ni vile vinavyopendwa, na kinachobaki ni kile ambacho hakuna anayekitaka, kwa wakati uleule ambapo moyo umeshuka. Kwa hiyo usipange stoo kwa aina, yaani unga huku na maziwa ya unga kule. Panga kwa vipindi: gawa kila kitu katika mafungu manne, funga mafungu matatu kwa utepe, andika tarehe ya kufunguliwa. Fungu la nne liwe na vionjo vingi kidogo kuliko mengine.

Piga hesabu ya vitu vidogo kwa gramu, si kwa makisio. Mnywaji wa vikombe viwili vya kahawa hutumia kama gramu 20 kwa siku. Kwa siku 378 hizo ni zaidi ya kilo 7.5, kwa mtu mmoja. Pilipili, vitunguu vilivyokaushwa, limau ya unga na viungo havina uzito mkubwa lakini ndivyo vinavyofanya chakula kilekile kisionekane kilekile. Kikosi cha kwanza cha HI-SEAS, mwaka 2013, kilipelekwa kuchunguza hilohilo: watu kuchoshwa na chakula cha kuongeza maji tu, na tofauti inayoletwa na kupika. Ushauri wetu ni kupika pamoja angalau siku 3 kwa wiki na kula mezani pamoja mlo mmoja kila siku, hata mkiwa mmenuniana. Anayeanza kubeba sahani yake chumbani anatoa taarifa ya mapema kuliko fomu yoyote ya maswali.

Pimeni uzito kila wiki. Chakula kilichokaushwa hutaka maji mengi na mara nyingi kina nyuzinyuzi chache, hivyo tumbo hufunga. Maji ya kunywa na kupikia yawe lita 3 kwa mtu, na yasipunguzwe. Punguza kwenye kuosha: futa sahani kwa karatasi kabla haijaguswa na maji, sabuni tone moja, suuza kwenye beseni badala ya bomba linalotiririka.

Choo cha mboji kikianza kunuka, kosa karibu kila mara ni mkojo kuzidi na kitu kikavu kupungua. Kikombe kimoja cha maranda ya mbao kila baada ya haja kubwa, mkojo utengwe, feni ya bomba isizimwe kamwe ili kuokoa umeme. Kuna vitu vya kuzima kabla ya hiyo.

Ugomvi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na humu ukuta hujengwa kwa wiki mbili. Kanuni inayofaa: linalokukera liseme ndani ya saa 48 au liache moja kwa moja. Lisemwe kwa mhusika, akiwa peke yake, kuhusu tendo na si tabia. "Unapokoroga chai saa kumi na mbili asubuhi, mimi naamka" linaweza kurekebishwa. "Wewe hujali watu" haliwezi.

Mkutano wa kila wiki uwe wa nusu saa. Kila mtu apewe dakika 3 kwa saa ya kuhesabu, bila kukatizwa, na kiongozi aongee wa mwisho. Akiongea kwanza, wengine watamfuata tu, nawe hutajua lolote. Kazi chafu zizunguke bila kumruka kiongozi. Tukiambiwa tuchague kati ya rubani shujaa na mtu anayeosha sufuria isiyo yake bila kutangaza, tutamchukua wa pili.

Lugha nayo ina mambo yake. Mars-500 ilikuwa na Warusi watatu, Mfaransa, Mwitaliano na Mchina. Katika kikosi cha namna hiyo, wenye lugha moja wakianza kucheka kwa lugha yao mezani, yule aliye peke yake hutoka polepole bila kelele. Kubalianeni lugha ya mezani kabla ya kuingia. Vyumbani kila mtu na yake.

Kugawanyika ni jambo la kawaida kuliko waandaaji wanavyokiri. Biosphere 2, jengo la vioo lililofungwa kule Arizona, kati ya 1991 na 1993 watu 8 waligawanyika wanne kwa wanne. Njaa ilichangia, na oksijeni ilikuwa imeshuka kutoka karibu 21% hadi 14% hivi kwa sababu vijidudu vya udongo wenye rutuba nyingi viliitumia, huku zege likinyonya hewa ya ukaa iliyotoka humo. Ni mfano mzuri wa kwa nini kwanza unapima hewa na chakula, kisha ndio unahukumu tabia za watu.

Nusu ya muda ikipita, tarajia kushuka. Tafiti hazikubaliani kama robo ya tatu ndiyo mbaya kwa kila kikosi, ila kupanga kwa ajili yake hakugharimu kitu. Kwa siku 45 ni kati ya siku ya 23 na 34. Kwa siku 378 ni ya 190 hadi 283. Vifurushi kutoka nyumbani, sikukuu za kujitungia, kazi mpya ya mikono: viweke humo, si mwanzoni wakati kila kitu bado ni kipya.

Kutoka nje na vazi la kuigiza la mwanaanga

Watu wawili watoke, mmoja abaki kwenye redio bila kazi nyingine. Gawa betri ya feni ya kofia kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Kioo kikianza kupata ukungu, feni imelegea au unapumua kwa kasi mno. Simama dakika mbili kabla ya kuamua. Joto la mwili ndilo hatari halisi, kwa kuwa vazi la kuigiza halina mfumo wa kupoza. Na muwe na neno moja linalovunja igizo, mathalani "HALISI" mara tatu. Likitamkwa, kofia inavuliwa, mlango unafunguliwa, hakuna wa kuuliza kama data itaharibika.

Mambo ya nyumbani

Andika mapema habari mbaya uletewe vipi. Mzazi akifariki, unataka kuambiwa siku hiyohiyo, au baada ya kutoka? Nani aandike ujumbe huo? Upite kwa daktari wa saikolojia kwanza, au uje moja kwa moja? Jibu hili liandikwe na lisainiwe, na familia ilijue, maana mtu aliyefichwa habari bila ridhaa yake hawasamehi waliomficha. Teua watu wawili wa kushughulikia bili, kodi na nywila zako, si mmoja. Na waambie wapendwa wako kwamba barua fupi ya kila wiki ni bora kuliko ndefu ya mara moja kwa mwezi.

Kama hujawahi kujaribu, fanya saa 72 na watu wawili ambao hukuwachagua mwenyewe: chumba kimoja, lita 8 za maji kwa kila mtu kwa siku kwa matumizi yote, chakula kikavu, simu zimefungwa, ujumbe unaocheleweshwa dakika 20 na rafiki aliye nje. Siku ya kwanza ni mchezo. Andika kilichokukera siku ya tatu.

Ukitoka, vipimo vinaendelea kwa muda, kwa hiyo usipange safari wala kazi wiki mbili za mwanzo. Usiendeshe gari siku za kwanza: umezoea mahali ambapo hakuna kinachokujia kwa kasi. Mafua yatakupata, kwa kuwa kwa miezi hukukutana na virusi vya mtu mgeni. Na vizibo vyako vya masikio toka navyo mfukoni, utavihitaji kwenye ukumbi wa mapokezi kabla hata hotuba hazijaanza.